Saliha, mfunika maneno wa Buyenzi

Saa moja kasorobo asubuhi, Jumamosi, mguu wa Saliha uko kwenye pedali ya cherehani na macho yake yako barabarani. Mezani kuna fulana za rangi ya machungwa, zimepangwa katika mafungu mawili. Fungu la kulia ni kumi na nne zilizokwisha kushonwa. La kushoto ni tisa zinazosubiri. Anayejua kujumlisha atapata ishirini na tatu, na kwaya iliyozinunua ina watu ishirini na wanne.

"Niko nahesabu tu kila saa," anasema bila kuinua mguu. "Nadanganya roho yangu kwamba labda moja ilijificha chini ya ingine."

Kifuani mwa kila fulana kuna neno moja la Kiingereza, kwa herufi nyeupe ndefu kama kidole: RAUNCHY. Juu yake Saliha anashona ua pana la kitenge cha bluu. Kesho saa tatu asubuhi kwaya hiyo itasimama katika kanisa moja la Kinanira mbele ya wageni kutoka Nairobi, watu wanaosoma Kiingereza kama sisi tunavyosoma bei ya sukari.

Saliha ana miaka arobaini na tisa. Ni mjane wa fundi wa magari, na kibaraza chake kiko Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, avenue ya tisa, kati ya karakana ya kunyoosha bodi na duka la vipuri. Kwa miaka kumi na mmoja kazi yake imekuwa moja isiyo na jina katika orodha ya kazi za serikali: kufunika maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa kwenye nguo za mitumba.

Msomaji asicheke. Bujumbura ni mji wa lugha nyingi. Asubuhi tunagombana kwa Kirundi, mchana tunaandikiana barua kwa Kifaransa, jioni tunapatana bei kwa Kiswahili. Kiingereza, wengi wetu, tunakivaa. Robota la mitumba linafunguliwa sokoni Ruvumera, mama anachagua fulana kwa rangi na uimara wa mshono, mtoto anaivaa kwenda shule, halafu anarudishwa nyumbani akilia na hakuna mtu anayemweleza kwa nini.

Kazi ya Saliha ilianza hivyo hivyo. Binti wa jirani alirudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa sababu ya fulana. Mama yake akaja mbio na nguo mkononi, akamwomba Saliha abandike kiraka chochote, hata cha gunia. Mwezi haukuisha, wakaja wengine saba.

Siku hizi anafunika nguo tano au sita kwa siku, kila moja faranga elfu mbili. Anayetaka kujua tu kama neno ni zuri au baya analipa mia tano. Wateja wanane kati ya kumi wanatumwa na wauzaji wa Ruvumera, ambao humwambia mnunuzi mwenye wasiwasi, "Peleka kwa Saliha. Akisema inapita, inapita." Hana cheti, hana kibao mlangoni. Ana hilo neno la wauzaji tu.

Pembeni ya cherehani kuna daftari lililovalishwa plastiki. Ndani yake kuna maneno mia mbili na kumi na nne ya Kiingereza, yaliyonakiliwa herufi kwa herufi na mwanamke asiyejua Kiingereza. Safu ya kushoto imeandikwa "Inapita". Safu ya kulia, "Inafunikwa".

Na maneno anayagawanyaje? Hapa ndipo penye ufundi wake, na hapa ndipo alipojikwaa.

Nyuma ya kibaraza, katika chumba chenye pazia la kijani, anaishi baba mkwe wake, mzee Radjabu, mwenye miaka themanini na moja. Tangu Saliha aolewe, mzee huyo hajasikia neno chafu kutoka kinywani mwa mkaza mwana wake. Kwa hiyo Saliha alipoanza kazi alijitungia swali moja. Kila akipata neno jipya analipeleka kwa Népomuscène, mwalimu wa Kiingereza anayepita hapo kila asubuhi kwenda shuleni, na kumuuliza: "Mwalimu, hii mutu anaweza kuisema mbele ya baba mukwe?"

Mwalimu akisema ndiyo, neno linaingia kushoto. Akikohoa, linaingia kulia. Kwa miaka kumi na mmoja swali hilo halikumwangusha.

Wiki tatu zilizopita alikuja Dévote, mtumishi wa ofisi moja ya serikali huko Kigobe na kiongozi wa kwaya ya Kinanira. Alikuwa amekuta Ruvumera robota zima la fulana mpya za rangi moja, bahati isiyotokea kila mwaka. Sare za zamani walikwisha kuwapa watoto. Dévote hakutaka kununua kabla ya kuuliza, akaleta fulana moja ikaguliwe.

Saliha alinakili neno. Kesho yake asubuhi akamsimamisha Népomuscène barabarani, akamwonyesha daftari, akauliza swali lake la siku zote.

"Mwalimu alisema, 'Eh, inasemekana, iko neno ya kawaida. Watu wanasemaka juu ya filme, juu ya vichekesho.' Alikuwa anachelewa. Mi nikaandika kushoto." Saliha anakata uzi kwa meno. "Simulaumu. Alijibu kile nilimuuliza. Mi ndiye niliuliza vibaya."

Kwaya ikanunua fulana ishirini na nne.

Jumatano ya wiki hii, kama saa nane mchana, akaja Orlane, msichana wa mapokezi katika hoteli moja ya mjini, kubadilisha zipu ya sketi. Akiwa anasubiri alifungua daftari kujifurahisha. Akafika mstari wa mwisho.

"Mama Saliha, hii neno umeiweka kushoto?"

"Eh. Mwalimu alisema inasemekana."

"Kusema, inasemekana. Mi mwenyewe nilisikia muzungu mumoja, mama wa heshima kabisa, anaisema pale reception. Lakini hii imeandikwa wapi?"

"Kifuani. Kwa kwaya."

Orlane, anasema Saliha, alitafuta kiti akakaa.

Alichoeleza Orlane ndicho kilichomnyima Saliha chakula tangu siku hiyo. Neno lile si tusi. Mwingereza anaweza kulitamka mezani na asinyooshewe kidole. Lakini linataja kitu chenye uchafu ndani yake: mzaha wa mambo ya chumbani, uliosemwa wazi, kwa kicheko na bila haya. Filamu yaweza kuitwa hivyo, au wimbo, au sherehe ya watu wazima waliokunywa wakasahau wapo wapi. Anayelitamka huwa nusu anakemea, nusu anakonyeza.

"Nikamuuliza, na mutu je? Akaniambia, 'Mutu akiandika hivyo kifuani, anatangaza: mi ndiyo hivyo.'"

Saliha alitafuta neno la Kiswahili la kulibeba neno hilo, akakosa. Upujufu? Hapana, upujufu hauna kicheko. Matusi? Hapana. Mwishowe akalipata nyumbani kwake, katika jambo analolijua kila mwanamke wa Buyenzi: zile nyimbo ambazo somo anayemfunda bibi harusi, pamoja na akina mama, humwimbia mlango ukiwa umefungwa. Humo ndani hata bibi wa miaka sabini anaimba, anakata kiuno, anacheka mpaka machozi. Hakuna dhambi, ni mafunzo. Lakini atokee mmoja aimbe ubeti mmoja tu uani, mbele ya wanaume, ataona cha mtema kuni.

"Donc, kumbe nimewavalisha watoto wa watu nyimbo za chumbani," anasema. "Na wanaenda nazo mbele ya madhabahu."

Hapo ndipo alipoliona kosa la swali lake. Lilipima kinywa, halikupima kifua. Imamu anaweza kutaja uzinzi kwenye hotuba ya Ijumaa, na baba mkwe akawa safu ya kwanza akiitikia. Neno limesemwa, tena mahali patakatifu, na hakuna aliyeaibika. Lakini ni nani atakayelidarizi neno hilo kwenye kanzu yake? Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Hawakuacha methali ya kujikwaa kwa daftari.

Angeweza kunyamaza. Nilimuuliza hilo moja kwa moja, kwa sababu mimi, nakiri, labda ningenyamaza. Kinanira ni mbali, robota hakulipakia yeye, na wageni wa Nairobi wangekuja na kuondoka.

Alinitazama kama mtu aliyeombwa avue nguo.

Alhamisi alifunga kibaraza saa saba mchana. Mafuta hayakuwepo mjini, na foleni ya basi ilikuwa imezunguka kona mbili. Akaenda kwa miguu, kutoka Buyenzi mpaka juu Kinanira, karibu saa mbili za jua.

"Niliogopa, wallahi. Njia yote niliogopa." Anashusha sauti, ingawa aliye karibu ni mtu wa karakana anayegonga bati. "Niliogopa waseme, 'Ona, Muislamu wa Buyenzi amefanya makusudi. Amekuja kutuchafulia kanisa.'"

Wenyeji wa mji huu wanajua jinsi Buyenzi ilivyoishi na majirani zake, miaka mizuri na mibaya. Lakini hofu haiulizi historia.

Aliwakuta kwenye mazoezi. Na walikuwa wamezivaa. Safu tatu za watu waliopendeza, machungwa matupu, na neno lile kifuani mwa kila mmoja, kuanzia wasichana wa sauti ya kwanza mpaka mzee Télesphore, mwimba besi mwenye miaka sabini na sita, aliyeketi mbele na mkongojo wake.

Dévote alimpokea kwa mikono miwili. "Karibu mama Saliha! Umekuja kuona watoto wako vile wamependeza?"

Saliha aliomba waongee pembeni. "Sema tu hapa hapa," Dévote akajibu. "Sisi ni famille."

Saliha akatazama mbele yake. Mzee Télesphore alikuwa na ndevu nyeupe kama za mzee Radjabu na alikuwa ametega sikio. Na Saliha, ambaye daftari lake lilisema neno lile linapita mbele ya baba mkwe, hakuweza kufungua mdomo.

"Ile neno ya Kiingereza ningeisema mara kumi," anasema. "Maana yake ndiyo ilikataa kutoka."

Alijifunika uso nusu kwa ncha ya kitenge. Akawaambia kuna nyimbo ambazo wanawake humwimbia bibi harusi wakifunga mlango. Akasema nyimbo hizo ni nzuri mahali pake. Halafu akasema, "Ile iko kwenye kifua chenu, iko jina la nyimbo za vile. Nilisema inapita. Nilikosea. Mi ndiye nilikosea."

Msichana mmoja wa safu ya mbele akainua kitabu cha nyimbo polepole akakiweka kifuani. Wa pembeni yake akafanya hivyo hivyo, kisha mwingine, mpaka safu zote tatu zikawa zimesimama na vitabu vifuani, wengine na mikono mitupu. Mzee Télesphore, asiye na kitabu kwa sababu nyimbo zote anazo kichwani, alijifunika kwa kofia.

"Kwa hiyo mi, na uzee huu," aliuliza, "nimevaa nyimbo za wanawake?"

Siku nyingine wangecheka. Siku hiyo kilio kilikuwa karibu kuliko kicheko.

Dévote alikuwa amebadilika sura. "Ulisema inapita."

"Nilisema."

"Mi nilikuuliza kabla ya kununua. Sikununua ovyo ovyo. Nilikuuliza wewe."

"Ndiyo, mama."

"Nairobi wangetupiga picha! Watoto wangu wangekuwa kichekesho kwenye simu ya dunia nzima." Akavuta pumzi. "Jumamosi saa sita nitakuja kuchukua. Nikiona herufi moja, hata moja, iko inachungulia, hatutaimba, na mi nitapita Ruvumera stendi kwa stendi kuwaambia wauzaji. Jina yako ndiyo ilituangusha, jina yako ndiyo nitataja."

Saliha anarudia maneno hayo bila kumkosoa Dévote hata kidogo. "Alikuwa na haki," anasema. Wauzaji wa Ruvumera wakiacha kumtuma mtu kwake, cherehani hii haitakuwa na la kushona, na mzee Radjabu ana dawa za presha za kila siku.

Zile fulana walizivulia kwenye chumba cha nyuma siku hiyo hiyo. Zikapatikana ishirini na tatu. Ya ishirini na nne ilikuwa Gitega, kifuani mwa Joëlla.

Joëlla ana miaka kumi na tisa na ndiye anayeanzisha wimbo wa kwanza. Aliondoka Jumatano kumwona shangazi yake mgonjwa, akaibeba fulana kwenda kumwonyesha. Ijumaa, Saliha alimpata kwenye simu baada ya kujaribu mara sita.

"Nikamuambia, mwanangu, usivae. Akaniambia, 'Nimeisha vaa, mama. Jana nilienda nayo soko. Watu walinisifu sana.'" Saliha anafumba macho. "Nikamuambia basi vua. Simu ikakatika. Mpaka sasa haipatikani."

Kabla ya kukatika, Joëlla alisema jambo moja: atapanda basi la alfajiri Jumapili na kushukia kanisani moja kwa moja. Kama basi litapata mafuta.

Sasa msomaji anajua ya ishirini na nne iko wapi. Lakini macho ya Saliha yako barabarani kwa sababu nyingine pia. Safu ya "Inapita" ina maneno mia moja na arobaini, na yote yalipimwa kwa swali lile lile la kinywa.

"Ngapi ziko zinatembea?" ananiuliza, kana kwamba mimi ninajua. "Miaka kumi na moja, ndugu yangu. Mutu akipita hapa, mi siangalii tena uso. Naangalia kifua." Tukiwa tunaongea anapita kijana na toroli la betri za magari, fulana yake ina maneno matatu. Saliha anasimama, anayasoma herufi kwa herufi, midomo ikicheza, kisha anaketi. Hayamo daftarini. Kijana wa watu anaendelea na safari yake bila habari.

Saa sita kasoro dakika kumi, Dévote anafika, amevaa viatu vya kutembelea mbali. Salamu yake ni fupi. Anachukua fulana moja moja, anaiinua dhidi ya jua kuona kama neno linaonekana kwa ndani, anakwangua pindo la ua kwa kucha. Kwenye ya kumi na saba anasimama. Mkia wa ile herufi ya mwisho umetokeza chini ya kitambaa, mdogo kama punje ya mchele.

Saliha anaichukua bila neno. Uzi unakataa kuingia kwenye tundu la sindano, mara ya kwanza, mara ya pili. Dévote anatazama. Mwisho anainyakua ile sindano, anatunga uzi mwenyewe, anamrudishia.

Zikiisha ishirini na tatu, anauliza, "Na ya Joëlla?"

"Kesho nitakuja kanisani."

"Wewe? Kanisani?"

"Mulangoni. Siingii. Akishuka tu kwenye basi, namushonea ikiwa mwilini. Ua nimeisha kata."

Dévote anafunga fulana kwenye kitambaa cha kichwani na kujitwisha. Anatoka, anafika karibu na karakana, anarudi hatua mbili.

"Uje saa moja," anasema. "Na mvua ikinyesha uingie ndani. Usisimame nje unaloa kwa ajili yetu."

Kuhusu Ruvumera hasemi lolote, zuri wala baya. Saliha anabaki amesimama akimsindikiza kwa macho mpaka machungwa yale yanapotea kwenye umati.

Mpango wake anao. Daftari limekwisha kuchorwa safu ya tatu, katikati, yenye kichwa: "Inasemwa, haivaliwi." Neno la kwanza humo ni lile la kwaya. Kuanzia Jumatatu, Orlane ameahidi kupita kila akitoka kazini, wayapitie yote mia moja na arobaini, na swali jipya litakuwa, "Ungemuvalisha binti yako?" Atakayeonekana amepita na neno baya, Saliha anasema atamfunikia bure, hata akiwa wa miaka kumi iliyopita. Anaomba Mungu wasiwe wengi.

Kwenye mfuko mdogo anatia ua la bluu, mkasi, pini nne na sindano mbili zilizokwisha kutungwa uzi. Anajaribu simu ya Joëlla mara nyingine. Haipatikani.

Pazia la kijani linasogea. Mzee Radjabu anatoka polepole kwa ajili ya kutawadha, anauona mfuko.

"Saliha, kesho asubuhi unaenda wapi na sindano?"

"Kanisani, baba. Kuna neno nilipitisha, haikufaa kupita."

"Neno gani?"

Saliha anatazama daftari, kisha chini.

"Inasemekana, baba," anajibu. "Lakini mi siwezi."

Mzee anasimama kidogo, birika mkononi. "Basi uishone vizuri," anasema, na kuelekea uani.